Soksi Nilizomfumia Baba Mkwe

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, ingawa hakukuwa na jambo lolote kubwa la kutazamwa na watu. Nilikuwa nimeinama juu ya karai la maji nyuma ya jikoni, kule Kibirichia, nikifua soksi za baba mkwe wangu. Niligeuza moja ndani nje, kama nilivyozoea kugeuza kila kitu kilichofumwa, nikaona mahali pa kidole kidogo pana doa gumu, la ukubwa wa harage, na rangi yake haikuwa ya udongo wa shamba letu. Nililinusa, nikajua ni damu na usaha. Kisha nikafanya jambo la kipumbavu, na ndilo nitakalokueleza leo, maana umeniuliza habari za soksi na siwezi kukujibu nikiwa nimeiruka siku hiyo.

Najua swali lako lilikuwa fupi. Mama yako amepatikana na ugonjwa wa sukari, wewe uko dukani, soksi zimepangwa za kila rangi, unataka nikuambie tu uchukue zipi halafu ukate simu. Lakini ni wewe uliyenipigia simu mimi, mtu mzee, kwa hivyo vumilia.

Mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa kutaka kujua vitu vimeshikana vipi. Sokoni wauza sweta walinifukuza, maana niligeuza kila sweta nikaangalia mishono na kuirudisha bila kununua. Nilipoolewa, miaka ya themanini, nilikuja kwa boma la mume wangu na mashine ya kufuma, na haikupita muda nikawa nafumia watoto wa shule za pale sweta. Mume wangu alikuwa mwalimu huko Mbeere, anarudi shule zikifungwa. Nilibaki na wazazi wake na mtoto wetu wa kwanza, Kendi, na ndiyo sababu watu waliniita Mama Kendi.

Baba mkwe, Mzee M'Itonga, alikuwa mkulima wa viazi, mrefu, mtu wa maneno machache. Kliniki walikuwa wamemwambia ana sukari, wakampa vidonge, naye alivimeza bila kulalamika. Kitu kimoja tu alikisema, tena alimwambia mama mkwe, si mimi: miguu yake ilikuwa baridi siku zote, hata jua likiwaka. Mama mkwe akaniletea habari hiyo jikoni. Nami, mwenye mashine na sifa, nikaona kazi yangu imefika.

Sasa lazima ujue mambo mawili. La kwanza ni gambuti, yale mabuti marefu ya mpira. Kule kwetu kuna baridi na matope, na mtu wa viazi anavaa gambuti asubuhi mpaka jioni. Kila aliyewahi kulima na gambuti anajua inavyomeza soksi: hatua ishirini tu, soksi imeteremka yote na kujikunja chini ya unyayo. Kwa hivyo soksi nzuri, kwetu sisi, ilikuwa soksi iliyokaza. La pili ni heshima. Katika ukoo nilioolewa, mke wa mwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Ukimpelekea chai unaiweka mezani na kurudi nyuma, humpi mkononi. Huingii chumba anacholala. Akiwa ananawa miguu uani, unazunguka upande wa zizi. Sikuona ubaya, na hata leo siitukani mila hiyo, kwa sababu ilinipa mimi mgeni nafasi ya kupumua katika boma la watu.

Lakini hebu fikiria, mwanangu. Nilikuwa namfumia mtu soksi za miguu ambayo sijawahi kuiona. Kipimo nilikichukua kwenye gambuti yake iliyoachwa mlangoni. Niliingiza mkono ndani, nikapima kwa kamba, nikapunguza kidogo kwa kukisia, na nikajiona mwerevu sana. Nilichagua uzi wa kahawia ili matope yasionekane. Juu nikakunja mara mbili na kupitisha lastiki pana. Kwenye vidole nikashona kwa uzi wa nguvu, na ule mshono ukabaki ndani umeinuka kama ukingo wa mtaro. Zilikuwa soksi za kudumu miaka kumi.

Na zilisifiwa! Majirani walikuja kuniuliza kama nitawafumia. Baba mkwe alituma neno kupitia mama mkwe: "Mwambie soksi zinakaa." Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba. Nikamfumia jozi ya pili, na baridi ilipozidi akawa anavaa zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ndani ya gambuti ileile. Niliona jambo hilo kwenye kamba ya kuanikia, jozi mbili za mtu mmoja siku moja, nikafurahi.

Kisha binti yao aliyeolewa Muthara akajifungua, na mama mkwe akaenda kumwangalia kwa wiki tatu. Aliniachia mapishi na kufua. Kabla ya hapo nguo za mzee alizifua mama mkwe mwenyewe. Ndivyo nilivyofika kwenye lile karai.

Nilipoona lile doa nikaanza kufikiri. Ningemwambia nani? Mume wangu alikuwa Mbeere na hakukuwa na simu za mkononi wakati huo. Jirani nikimwambia, habari ingefika kanisani kabla yangu. Na mzee mwenyewe ningemwambia nini, kwamba mguu wake unanuka? Ningeona heri nimeze ile sabuni. Lakini mwanangu, nikisema ilikuwa heshima peke yake nitakuwa nakudanganya. Niliogopa pia kwamba watu watasema soksi za Mama Kendi zinatoboa watu.

Basi nikaitafutia shida ile dawa ya fundi. Nilichukua uzi laini, nikafuma kiraka kidogo, nikakikunja mara mbili, nikakishona ndani ya soksi palepale penye doa, ili pawe pole. Niliwaza kwamba mguu ukiumia unataka kitu cha kulalia. Baada ya siku tatu nikafua tena. Doa lilikuwa limekuwa kubwa. Nikaongeza unene wa kiraka. Hapo ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kwamba nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba kinazidisha, na bado nikaongeza.

Mama mkwe alirudi kutoka Muthara siku ya nane tangu nilipoona doa la kwanza. Hata hajaweka kikapu chini, akasimama katikati ya nyumba akauliza, "Nini imekufa humu?" Nilikuwa jikoni nikasikia kiti kikivutwa, kisha gambuti ikianguka sakafuni. Halafu mama mkwe akaniita. Nilifika mlangoni nikakomea hapo, macho chini. Alikuwa ameshika soksi ya kahawia, imegeuzwa.

"Hii kiraka ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku ngapi?"

"Nane."

Hakuwa mama wa kupiga kelele. Aliikunja ile soksi polepole akanitupia. "Umeheshimu baba yako mpaka mguu unaoza," akasema. "Heshima ya namna hiyo, peleka kwa kaburi, ndio kwake." Sijawahi kuchapwa katika boma lile, lakini siku hiyo nilichapwa.

Tulimpandisha mzee kwenye pikapu ya jirani iliyokuwa ikienda na viazi, mpaka hospitali kubwa mjini Meru. Daktari alisema kidonda kimeingia ndani, na kwamba huenda wakamkata mguu chini ya goti. Wangejaribu dawa siku chache kwanza, waone kama nyama itashika. Mkulima wa viazi kwenye miteremko ya kwetu, bila mguu. Siku hizo sikugusa uzi.

Kila tulipopeleka chakula mama mkwe aliingia wodini, mimi nikabaki kwenye benchi la nje, maana mzee alikuwa kitandani na mimi ni mke wa mwana. Nilikuwa na ile soksi kwenye mfuko wangu, sijui kwa nini niliibeba. Siku moja nilikuwa nimeitoa, naigeuza huku na huku, nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Alikuwa sista wa wodi, mama mfupi, mtu wa Embu, mwenye sauti kubwa kuliko yeye.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mke wa mtoto wa Mzee M'Itonga."

"Na hiyo soksi unaangalia hivyo, unatafuta nini ndani?"

"Nataka kujua ilimuumiza wapi."

Alinitazama, kisha akaketi karibu nami. Nafikiri katika maisha yangu yote hilo ndilo swali bora nililowahi kuuliza, ingawa lilichelewa. "Toa yako," akasema. Nilikuwa nimevaa soksi za mkono wangu mwenyewe, za lastiki pana. Nikavua. Chini ya goti palikuwa na alama nyekundu imezunguka mguu. "Unaona? Wewe ni msichana, damu yako inapita tu. Ya mzee inapita pole pole, halafu wewe umemfunga na kamba. Kwani mguu ni ndama?"

Kisha akavuta uzi uliokuwa ukining'inia kwenye soksi, akaufunga fundo kubwa, akaniambia niliweke chini ya kidole changu kidogo, nivae kiatu, niende mpaka geti na kurudi. Nilikwenda. Kufika geti nilikuwa nachechemea, na kurudi ilibidi nikanyage kwa kisigino. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walinicheka.

"Umesikia hiyo?" akauliza sista.

"Nimesikia."

"Mzee hasikii. Sukari imekula neva za miguu. Kwanza hiyo baridi alikuwa anasema, ilikuwa ni hiyo. Angetembea na hii fundo mpaka Isiolo, arudi akuambie asante."

Nilishangaa sana, mwanangu. Nilidhani maumivu ni kitu cha kila mtu, kama kiu. Sikujua kuna mtu anayeweza kutoboka na asipate habari. Nikaanza kumuuliza maswali, moja juu ya jingine, hata akasahau chai yake. Nilimuuliza kuhusu rangi. Akasema, "Ukimpatia nyeusi ama kahawia, damu inajificha. Mpe nyeupe, iseme." Nilimuuliza kuhusu jasho la gambuti. Akaniambia jasho likikaa ngozi inalainika na kupasuka, na kwamba soksi ya pamba tupu inalinywa jasho na kukaa nalo, kwa hivyo afadhali sufu laini au uzi wa kuchanganya, na ibadilishwe kila siku bila kukosa. Nilimuuliza kuhusu kuvaa jozi mbili kwa pamoja. Akacheka. "Kiatu ni ileile, wewe unaongeza watu ndani. Nani atatoka?"

Kiraka nilikiacha mwisho. Nilimwonyesha, nikamwambia ni mimi niliyekishona, na nilikishona nikijua kuna kidonda. Akakibonyeza kwa kidole gumba. "Hii ndio ilichimba," akasema. Nikalia palepale kwenye benchi. Hakunibembeleza. Akasema, "Lia. Ukimaliza uniambie ile nyingine utafuma namna gani."

Mungu alitusaidia, mguu haukukatwa. Walimkata vidole viwili, kidogo na jirani yake, na baada ya wiki nyingi akarudi nyumbani na fimbo na kiatu kipana alichoandikiwa. Gambuti ilihamia kwa mtu mwingine.

Nami nikarudi kwenye mashine, lakini safari hii na hofu. Nilitafuta uzi mweupe ulio laini. Soksi ya kwanza niliifuma bila lastiki, nikaivaa mwenyewe siku nzima nikichimba viazi, na jioni kabla jua halijatua nikavua kuangalia miguu yangu. Iliacha mistari. Ya pili ilikuwa pana, ikajikunja kisiginoni, na mkunjo huo nao ni adui kama mshono. Ya tatu ilisimama vizuri bila kubana, kwa sababu nilikuwa nimefuma sehemu ya juu kwa kupokezana macho, vile vitanzi vya uzi, moja mbele moja nyuma, ikawa inanyumbulika na mguu badala ya kuukaba. Kwenye vidole nilihangaika zaidi. Niliacha kushona, nikajifunza kuunganisha jicho na jicho kwa sindano mpaka pasiwe na ukingo. Kujua kama pameshikana vizuri nilipitisha mdomoni, maana mdomo unasikia kitu ambacho kidole cha mkulima hakisikii. Mama mkwe alinikuta nimebusu soksi uani akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza alicheka nami tangu arudi kutoka Muthara.

Kitu kimoja tu kilikosekana, kipimo. Sista alikuwa amesema pima mguu wenyewe, tena alasiri, wakati umevimba kidogo, si kiatu. Mama mkwe alipima kwa kamba mara mbili, akaniletea kamba mbili zisizolingana. Nikafuma, ikawa kubwa. Nikafumua, nikafuma tena, ikawa ndogo.

Alasiri moja nilikuwa nikimenya viazi nikasikia naitwa, na sauti haikuwa ya mama mkwe. Mzee M'Itonga alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mkewe karibu naye. Alikuwa amevua kiatu na soksi. Mguu ulikuwa mbele yake, juu ya gunia safi, wazi kabisa. Nikasimama, nikageuza uso upande wa zizi.

"Mama Kendi," akasema. "Kuja upime."

Sikusogea. Nilimwangalia mama mkwe, naye akatazama shamba lake kana kwamba hayumo.

"Huu mguu umeangaliwa na watu wengi kule hospitali," mzee akaendelea, "wengine hata sijui ni watoto wa nani. Wewe ndio unafuma soksi na hujauona. Kuja."

Nikaenda nikapiga magoti. Ulikuwa mguu wa kawaida wa mzee, ngozi kavu, kisigino kimepasuka, na pembeni pale penye pengo palikuwa na kovu la waridi lililong'aa. Kamba iliniponyoka, nikaiokota. Nikapima unyayo, nikapima kifundo, nikapima pale penye pengo. Nilipofika hapo sikuweza tena kunyamaza.

"Baba, niliona damu kwa soksi. Nikaona mara mbili. Nikanyamaza."

Nilidhani atavuta mguu wake.

"Mimi pia nilisikia harufu," akasema. "Siku nyingi hata kabla Mama Kinoti aende Muthara. Nikaangalia, macho hayakuona vizuri. Nikasema, nikitoa hizi soksi, mtoto wa watu ataona nimemkatalia kazi ya mkono wake. Nikanyamaza."

Mama mkwe, huyo Mama Kinoti, akageuka akatutazama sote wawili. "Basi mmeheshimiana," akasema, "na ni vidole viwili tu mmelipa." Mzee akaanza kucheka, mimi nikiwa bado nalia, na nikajikuta nacheka pia nikiwa nimeshika mguu wa baba mkwe wangu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai aliketi pale akatoa miguu, mimi au mama mkwe, aliyekuwa karibu, akaangalia unyayo, kati ya vidole, kisiginoni. Majirani walisema boma letu limeharibika. Mzee aliwajibu kwamba limeharibika vizuri. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akatembea shambani kwake kwa miguu yake, na alipokufa hakufa kwa mguu.

Sasa sikiliza, mwanangu, bado uko dukani. Usidanganywe na maandishi ya pakiti kwamba soksi ni za watu wa sukari. Ingiza mkono wako ndani mpaka kwenye vidole, uguse kila mahali, na ukikuta ukingo au fundo, irudishe. Vuta pale juu: ikiwa inavutika kwa shida, itamkaba. Chukua nyeupe au rangi nyepesi, ya uzi laini usiokaa na jasho, ya saizi yake kamili, maana pana inajikunja. Zile za kubana sana ambazo watu huvaa kwa uvimbe, usimnunulie mpaka daktari amwangalie mishipa na kusema ndiyo. Ikitoboka usiitie kiraka, itupe. Awe na za kubadilisha kila siku, na kabla hajavaa kiatu, kiatu kikung'utwe. Akisema miguu ni baridi, mvalishe soksi, usimsogeze motoni, kwa kuwa ataungua asijue. Na ukiona doa, hata dogo kama kichwa cha sindano, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Usingoje kesho ukijipa matumaini.

Lakini hayo yote duka linaweza kukuambia. Langu ni hili: ukifika nyumbani, usimwachie mama yako soksi kitandani ukaenda zako. Keti chini, mwombe mguu wake. Ataona haya, nawe utaona haya. Ketini na haya hiyo hiyo, lakini mguu uangaliwe. Na akikwambia soksi uliyonunua inambana, mshukuru, hajaikataa zawadi yako.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na yeye aliyekuzaa. Akupe mikono ya upole na macho yasiyoogopa kuona. Na miguu ya mama yako impeleke kila mahali moyo wake unapotaka kwenda, imrudishe nyumbani ikiwa mizima.